Kazi ya Chuoni Sijaipata, na Mjomba Ananipa Karatasi za Binti Yake: Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka ishirini, mzaliwa wa Morogoro, na niko mwaka wa kwanza wa shahada ya kemia katika chuo kikuu cha umma kilichopo jimbo la Iowa, Marekani. Niliingia Agosti iliyopita kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Chuo kilinipa ufadhili unaofuta nusu ya ada. Nusu ya pili, pamoja na bweni na chakula, ilikuwa itoke kwa mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na dirisha la wakala wa miamala ya simu pale Msamvu, na kwa baba mkubwa, ambaye ndiye aliyetoa taarifa za benki tulizopeleka chuoni na ubalozini. Mwezi Novemba baba mkubwa alipata kiharusi. Tangu hapo fedha zake zinaishia kwenye matibabu, na mama amebaki peke yake kununua dola kwa shilingi ambayo haina nguvu iliyokuwa nayo tulipoanza kupiga mahesabu ya safari hii. Ada ya muhula huu ililipwa baada ya mama kuuza kiwanja. Ya Agosti haijulikani itatoka wapi.

Tangu Septemba nimekuwa nikiomba kazi kupitia tovuti ya ajira ya chuo: maktaba, bwalo la chakula, ukumbi wa mazoezi, ofisi ya barua, kila tangazo ninaloliona. Majibu yanayorudi ni yale yanayotumwa na mashine, kwamba nafasi imejaa au kwamba sikidhi masharti. Mwenzangu tunayekaa chumba kimoja ni Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na familia yake ililetwa Marekani kama wakimbizi. Tuliomba kazi ya maktaba siku moja, yeye akaitwa wiki hiyohiyo, mimi nikajibiwa kuwa nafasi ile ni ya wanafunzi wenye Work-Study tu. Tunaongea Kiingereza cha aina moja, na kwa kweli alama zangu zimezidi zake. Nimeanza kujiuliza kama kuna kitu kwangu mimi ambacho watu wanakiona na wanakikataa.

Sasa kuna mzee mmoja tunayesali naye, Mtanzania aliyekaa hapa zaidi ya miaka ishirini, ambaye wanafunzi wote tunamwita Mjomba. Anafahamiana na wasimamizi wa ghala moja la kupakia bidhaa nje ya mji, na amekwisha kuwaingiza watu wengi pale kubeba boksi. Zamu ni za usiku, malipo ni dola 18 kwa saa, wakati matangazo ya hapa chuoni ni dola 11. Ameniambia nitumie karatasi za binti yake, aliyezaliwa hapa, ambaye ni rika langu na kwa sasa hafanyi kazi. Mshahara utaingia kwenye akaunti ya binti huyo, naye atanikabidhi. Nilipositasita, Mjomba alisema mbele ya watu kwamba watoto wa siku hizi wanataka Marekani ya kwenye picha, na kwamba yeye mwenyewe alisaidiwa hivyohivyo alipofika. Anataka jibu Jumapili ijayo.

Sipendi kumvunjia heshima, kwa sababu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na mkewe ndiye aliyeninunulia koti la baridi. Lakini ninaogopa. Naomba uniambie mambo matatu: je, njia ya Mjomba ni mbaya kiasi hicho, ikiwa wengi wanaipita na bado wapo? Wanaopata kazi ndani ya chuo wanazipataje? Na nimwambie nini mama, ambaye kila akipiga simu anauliza kama nimeanza kazi, kwa sababu mtoto wa jirani yetu aliyeko Texas anatuma fedha nyumbani kila mwezi?

Ni mimi,
Binti wa Morogoro, Iowa.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa ugonjwa wa baba mkubwa, na umfikishie mama pole zangu kwa kiwanja chake. Nitaanza na Jumapili kwa sababu ndiyo iliyo karibu, kisha nitakaa zaidi kwenye kazi ya chuoni, maana huko naona njia ambazo bado hujazipita.

Usichukue karatasi za binti wa Mjomba. Simhukumu mzee anayetaka kukuona unakula, lakini tazama kitakachotokea siku ya kwanza pale ghalani. Kila mwajiri wa Marekani analazimika kumjazisha mfanyakazi mpya fomu iitwayo I-9, na katika sehemu ya kwanza ya fomu hiyo mfanyakazi mwenyewe huweka alama kwenye kisanduku kinachosema yeye ni nani kisheria, kisha hutia saini akikubali kwamba uongo wowote ndani yake una adhabu. Ukiingia kwa jina la binti huyo, kisanduku utakachokitia alama ni cha raia wa Marekani. Kufanya kazi bila kibali peke yake kunaivunja hadhi yako ya mwanafunzi, na kanuni ya kuirejesha hadhi iliyovunjika inamtaka mwombaji awe hajawahi kufanya kazi isiyoruhusiwa. Kujitangaza raia ilhali si raia kunakwenda mbali zaidi ya hapo. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, mgeni aliyejidai kuwa raia ili apate kazi anaweza kunyimwa viza na ukaazi maisha yake yote, na nafasi za kusamehewa ni finyu mno, hata kama baadaye ataolewa na raia na kuzaa watoto hapo. Na kwa kuwa mshahara utaandikwa kwa jina la binti wa watu, naye atatakiwa kuutolea hesabu ya kodi, na siku mkikosana hutakuwa na pa kwenda kudai hata senti moja.

Unasema wengi wamepita na bado wapo. Ni kweli, kwa sababu jambo hili halimkamati mtu siku anapobeba boksi. Humkamata miaka kadhaa baadaye, anapoomba viza ya kazi au makazi ya kudumu na kuulizwa kwa kiapo kama amewahi kufanya kazi bila kibali au kujitaja kuwa raia. Wewe unasomea kemia, fani ambayo baada ya kuhitimu inakupa haki ya kuomba kibali cha kufanya kazi kwa mafunzo ya vitendo, mwaka mmoja na nyongeza juu yake kwa wanasayansi. Zamu za usiku za dola 18 zinaweza kukugharimu kibali hicho kabla hujakigusa. Zitakugharimu pia msaada mwingine wa kisheria ambao hali yako ya sasa inakustahilisha, na ambao naona hujaambiwa habari zake. Nitaufikia baadaye kidogo.

Kwa Mjomba, nenda nyumbani kwake kabla ya Jumapili, wala usingoje akuulize mbele ya watu. Msalimie yeye na mkewe, kisha umwambie kwa upole: “Mjomba, nakushukuru kwa kunifikiria, na sijasahau mlivyonipokea. Viza yangu inaniruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, na karatasi zangu zikiharibika mama hana fedha nyingine za kunianzishia upya. Naomba unisaidie kwa njia nyingine: ukimfahamu mtu yeyote anayefanya kazi pale chuoni, awe jikoni, kwenye usafi au ofisini, unikutanishe naye.” Usilitaje jina la binti yake, usimfundishe sheria, na maneno aliyoyasema mbele ya watu usiyajibu. Mzee aliyekaa hapo miaka zaidi ya ishirini anafahamiana na watu wengi, na mpishi mmoja wa bwalo anayekutaja kwa msimamizi wake anakufaa kuliko maombi mengi ya kwenye tovuti. Ukimwomba msaada anaouweza, umemwachia heshima yake, nawe umepata mtu wa kukufungulia njia.

Sasa tuje kwa mwenzako wa Nyarugusu, kwa sababu naona jambo hilo limekuumiza. Hukukataliwa wewe. Federal Work-Study ni mpango wa serikali kuu ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi wenye uhitaji wa fedha, na katika mpango huo serikali hulipa sehemu kubwa ya ujira wa mwanafunzi, kwa kawaida hadi asilimia 75, chuo kikamalizia. Wanaostahili ni raia, wenye makazi ya kudumu, na makundi machache ya wageni, wakiwemo wakimbizi. Mwenzako alipokelewa nchini kama mkimbizi, kwa hiyo anastahili. Mwenye viza ya F-1 hastahili, awe na alama gani. Msimamizi wa maktaba mwenye bajeti ndogo atamchukua kwanza yule ambaye robo tatu ya mshahara wake inalipwa na mwingine, nami nisingemlaumu. Hasara yako ni muda uliotumia kuomba nafasi ambazo hukuwa na haki nazo tangu mwanzo. Kuanzia leo, kila tangazo lisome hadi mwisho. Likitaja Work-Study kuwa sharti, lipite. Likisema tu kwamba inapendelewa, omba.

Haki uliyo nayo ni hii. Wakati masomo yanaendelea unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki, na ukiwa na kazi mbili saa zake hujumlishwa. Wakati wa likizo rasmi unaruhusiwa muda wote, mradi unakusudia kuendelea na masomo muhula unaofuata. Huhitaji kibali cha idara ya uhamiaji, bali unahitaji kubaki mwanafunzi kamili, yaani krediti zisizopungua 12 kwa muhula kwa mtu wa shahada ya kwanza. Kampuni binafsi inayoendesha duka la vitabu au mgahawa ndani ya chuo kwa ajili ya wanafunzi inahesabiwa kuwa ya chuoni pia, ilhali mkandarasi anayejenga jengo jipya katika uwanja huohuo hahesabiwi. Saa 20 ni ukomo wa kweli, hata bosi akikubembeleza uongeze saa moja kwa kuwa mwenzako anaumwa.

Kuhusu namna watu wanavyozipata kazi hizi, tovuti ya ajira ni sehemu moja tu ya hadithi. Nafasi nyingi za idara hutolewa na katibu muhtasi, fundi wa maabara au msimamizi wa zamu kwa mtu ambaye tayari wanamjua sura, na tangazo, kama linawekwa, huwekwa kwa kutimiza utaratibu. Kwa hiyo inabidi uonekane. Bwalo la chakula ndilo huwa na pengo karibu kila wakati, kwa sababu wanafunzi huacha zamu za alfajiri na za mwisho wa juma mara mitihani inapokaribia. Usiende saa ya chakula. Nenda kati ya saa nane na saa kumi alasiri, meza zikiwa zimepungua watu, uulize msimamizi wa zamu ni nani, nawe uwe na wasifu wako wa ukurasa mmoja pamoja na karatasi ya pili yenye ratiba yako ya wiki, saa ulizo huru zikiwa zimepakwa rangi. Karatasi hiyo ya ratiba ina uzito kuliko unavyodhani. Msimamizi hana haja na alama zako za kemia. Anatafuta mtu wa kufungua saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumamosi, na ukimwonyesha kwa rangi kwamba Jumamosi na Jumapili asubuhi u huru, umemjibu swali kabla hajaliuliza. Mwambie pia, kwa sentensi moja, kwamba viza yako inakuruhusu kufanya kazi chuoni na kwamba huhitaji Work-Study wala udhamini wowote kutoka kwake, maana wasimamizi wengine huogopa neno viza kwa kutolijua.

Wasifu wenyewe unaelekea kuwa ule wa nyumbani. Wanafunzi wengi wanaotoka kwetu huandika jinsi, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi na majina ya wadhamini watatu, kisha kwenye uzoefu wa kazi wanaacha pengo kwa kuwa hawajawahi kuajiriwa. Marekani mambo hayo ya mwanzo hayatakiwi kabisa, na picha pia haitakiwi. Wewe unayo kazi ya kuandika. Umekulia kwenye duka la vifaa vya ujenzi lenye dirisha la miamala ya simu, basi iandike kama kazi, na iwe ya kwanza: ulihudumia wateja, ulipokea fedha taslimu na malipo ya simu, ulihesabu na kufunga mauzo kila jioni, ulitunza daftari la wadaiwa, ulipokea mzigo na kuulinganisha na ankara. Mama yako ndiye msimamizi wako katika kazi hiyo, na mwezi na mwaka ulioanza kumsaidia unaujua. Mtu anayetafuta wa kumkalisha kwenye sanduku la fedha la duka la vitabu akisoma mistari hiyo ataiona kazi anayoifahamu.

Kisha kuna milango miwili ambayo wenzako wa darasani hawaigombanii sana. Mmoja ni idara yako mwenyewe. Idara za kemia zina ghala la kemikali na vifaa, zina vyombo vya kioo vya kuosha, zina maabara za kuandaliwa kabla ya vipindi vya wanafunzi, na kazi hizo mara nyingi hupewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Mwone anayesimamia maabara za mwaka wa kwanza, ambaye amekwisha kukuona muhula mzima unavyofanya majaribio, umwombe nafasi ya saa sita au nane kwa wiki. Ukiosha vyombo vizuri muhula mmoja, profesa anayetafuta msaidizi wa utafiti atakuwa anakujua kwa jina. Mlango wa pili ni lugha yako. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya ukanda huo wa Marekani, kama Indiana kule Bloomington na Wisconsin kule Madison, na vyuo vyenye masomo ya Kiafrika huhitaji watu wa kuongea na wanafunzi, kusahihisha mazoezi na kurekodi matini. Waulize wa idara ya lugha na wa kituo cha masomo ya Afrika, kama chuo chako kinacho. Hospitali na shule za Iowa pia huhudumia Wakongo wengi wanaoongea Kiswahili, lakini ukalimani wa nje ya chuo hauruhusiwi kwako kwa sasa, hata ukiitwa kwa siku moja, kwa hiyo usishawishike kirahisi.

Angalia pia kalenda. Nafasi za Agosti hujazwa kuanzia mwezi wa tatu na wa nne, wakati wanaohitimu wanaaga, na nafasi za likizo ya kiangazi hutangazwa kipindi hichohicho: kupaka rangi mabweni, kuhudumia wageni wa makongamano, kupanga vitabu, kutunza bustani. Kiangazi ndicho kitakachokupa fedha ya maana. Piga hesabu nami: saa 20 kwa dola 11 ni dola 220 kwa wiki, na kwa muhula wa wiki 15 ni dola 3,300 kabla ya kodi. Saa 40 kwa wiki 12 za kiangazi, kwa ujira huohuo, ni dola 5,280. Ukiwa na hesabu hiyo mbele yako utaona kwamba kazi ya chuoni inaweza kulipia chakula, simu, vitabu na sehemu ya bweni, lakini haiwezi kubeba ada ya mwanafunzi wa kigeni. Ada inahitaji njia yake.

Njia ya kwanza ni ofisi ya mhasibu wa wanafunzi, na uende sasa, kabla deni halijaandikwa, kwa sababu ofisi hiyo ikikuzuia kujiandikisha masomo utashindwa kutimiza krediti zako, na ukosefu wa fedha haukubaliki kisheria kuwa sababu ya kuzipunguza chini ya 12. Omba mpango wa kulipa kwa awamu, uulize kuhusu mifuko ya dharura, na mwandikie aliyekupa ufadhili wa masomo umweleze kilichompata baba mkubwa. Ulizia pia nafasi ya usimamizi wa bweni, ambayo vyuo vingi huilipa kwa chumba cha bure na mara nyingine na chakula. Usaili wake hufanyika miezi ya baridi kwa ajili ya mwaka unaofuata, na uulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa jinsi saa zake zinavyohesabiwa ndani ya zile 20.

Njia ya pili ndiyo ile niliyosema Mjomba angeifunga bila kujua. Mwanafunzi wa F-1 aliyekamilisha mwaka mmoja wa masomo, ambaye amepatwa na dhiki kali ya fedha isiyotokana na yeye mwenyewe, anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kanuni yenyewe inataja mifano ya sababu, na miongoni mwake zimo mabadiliko yasiyotarajiwa ya hali ya anayekusomesha na kuyumba kukubwa kwa thamani ya fedha. Sababu ya kwanza unayo waziwazi, na ya pili unaweza kuiambatanisha: mwaka 2022 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 2,300, na katikati ya mwaka 2024 ilikwisha kuvuka 2,600. Mwaka wako wa kwanza unakamilika Mei. Anza leo kukusanya barua ya daktari wa baba mkubwa, risiti za hospitali, taarifa za benki za wakati ule na za sasa, pamoja na hati ya mauzo ya kiwanja, vyote vikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Hifadhi na yale majibu ya mashine yaliyokuvunja moyo, kwa sababu unatakiwa kuonyesha kwamba kazi ya chuoni haikupatikana au haikutosha. Afisa wa wanafunzi wa kimataifa ndiye anayepaswa kuipendekeza kesi yako kwanza, kisha ombi liende idara ya uhamiaji kwa fomu I-765. Ada ya ombi inafika mamia ya dola na majibu huchukua muda, basi usianze kazi yoyote ya nje kabla kadi ya kibali haijawa mkononi mwako. Anayeomba msaada huu anatakiwa awe ameitunza hadhi yake, na hapo unaona ni kwa nini ghala lile linakugharimu zaidi ya inavyoonekana.

Ikiwa hata hivyo ada ya Agosti itashindikana, kuhamia chuo cha jamii, yaani community college, chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili ya mwanzo, si aibu. Vyuo kama Kirkwood pale Cedar Rapids hupokea wanafunzi wa kigeni kwa ada iliyo chini ya ile ya vyuo vikuu, na unaweza kusoma huko masomo ya msingi kisha ukarudi kumalizia shahada, mradi uhamisho ufanywe na ofisi ya kimataifa kabla hujaacha masomo ulipo sasa, na ukubaliane mapema na idara ya kemia ni krediti zipi zitatambuliwa.

Ukipata kazi, mwajiri atakupa barua, ofisi ya kimataifa itakupa nyingine, nawe utazipeleka pamoja na pasipoti, I-20 (hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako) na I-94 (kumbukumbu ya kuingia kwako nchini) kwenye ofisi ya Hifadhi ya Jamii, Social Security, kuomba namba yako mwenyewe ya mfanyakazi, ambayo hailipiwi. Hati yako ya kwanza ya mshahara isome mstari kwa mstari: mwanafunzi wa F-1 aliye katika miaka yake mitano ya mwanzo kwa kawaida hakatwi michango ya Hifadhi ya Jamii na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65, na mahasibu wa vyuo mara nyingine huikata kwa bahati mbaya. Kwa dola 3,300 hiyo ni zaidi ya dola 250, nazo zinarudishwa ukidai. Barua pepe inayokupa kazi ya usaidizi wa nyumbani bila usaili, ikikutumia hundi uiweke benki kisha upeleke sehemu yake kwa mtu mwingine, ifute. Hundi hiyo itagonga mwamba na deni litabaki kwako.

Kwa mama, mwambie ukweli wote kwa simu moja, akiwa ametulia na duka limefungwa. Mweleze kwamba kazi utakayopata ni ya kukupunguza kwenye mzigo wake, na kwamba hutatuma fedha nyumbani kwa sasa, kwa sababu kila dola itakayobaki kwako ni dola ambayo yeye hatainunua kwa shilingi. Mtoto wa jirani aliyeko Texas humjui ana karatasi gani, na mama naye hamjui. Kisha umkabidhi kazi: yeye ndiye atakayefuata barua ya daktari na risiti za hospitali, azipige picha na azitume kabla ya mwisho wa Machi.

Neno langu lingine ni kuhusu saa. Kwa muhula huu omba saa kumi au kumi na mbili tu, hata ukipewa ishirini, kwa kuwa ufadhili kama wako wa nusu ada kwa kawaida hutegemea alama, na alama hizo zina thamani kubwa kuliko saa nane za ziada za bwalo. Ishirini zingoje Agosti, ukishajua maabara zako zinaanguka siku gani.